Black Monday: hivi kweli watu wachache wanaweza kuangusha soko zima?

MamaDagaa_Kibirizi

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Mimi nauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Wiki hii mbalamwezi imekolea, dagaa hawafuati taa za wavuvi, mitumbwi imelala ufukweni, nami nimelala sebuleni. Mpwa wangu akaniwekea kwenye flashi tamthilia ya Kimarekani ya kuchekesha, inaitwa Black Monday. Kwa jina hilo nilidhani ni ya Pasaka.

Loo! Kumbe ni madalali wa hisa wa New York, mwaka 1986 kuelekea 1987. Bosi wao ni Mo, kaigiza Don Cheadle. Matusi tangu dakika ya kwanza, unga unavutwa kama ugoro wa bibi yangu, na kuna gari refu kama behewa, eti Lamborghini. Baba mkwe akaingia kusalimia katikati ya hayo. Nikazima fasta nikamwambia umeme umekatika, na feni inazunguka juu ya kichwa chake.

Sasa swali. Inaanza na siku yenyewe ya anguko, mtu anadondoka kutoka ghorofani, halafu inarudi nyuma mwaka mzima kutuonyesha ilikuwaje. Wanavyoisimulia wao, ni hao akina Mo, kampuni ndogo ya watu wa pembeni wasiopendwa na matajiri wa asili, ndio walioangusha soko. Lile anguko ni la kweli? Na kikundi kidogo hivyo kinaweza? Maana hapa Kibirizi hata mwenye maghala matatu hashushi bei ya dagaa peke yake. Naomba kueleweshwa, kuchekwa nimeshachekwa na mpwa wangu.

Nyuki_wa_Tabora

Hiyo feni ilikuwa inatumia asali au? 😂 Baba mkwe wako mstaarabu, dada. Wa kwetu Tabora angekaa hapohapo ausubiri umeme urudi.

Hiyo kitu angalia usiku watoto wakilala. Na mfuatilie Dawn, yule wa Regina Hall, ndiye mwenye akili ofisi nzima. Uchumi nawaachia wenyewe.

Mstaafu_Ujiji

Marahaba mwanangu.

Anguko ni la kweli, akina Mo ni wa kutungwa. Ijumaa tarehe 16 Oktoba 1987 kipimo cha Dow Jones, kile kinachofuata bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, kilikuwa kimeshuka pointi 108, kikafunga kwenye 2,246. Watu wakalala wikiendi nzima na hofu tumboni. Jumatatu tarehe 19 zikaondoka pointi 508, yaani asilimia 22.6 kwa siku moja. Kwa asilimia, mpaka leo Dow haijawahi kuanguka hivyo tena ndani ya siku moja.

Mtu mmoja? Hapana. Mifuko mikubwa, ya pensheni na mingine, ilikuwa imeuziwa mpango ulioitwa bima ya uwekezaji. Kompyuta inapiga hesabu: hisa zikishuka kiasi fulani, inaelekeza mikataba ya bei ya mbele, yaani ya kuuziana hisa baadaye kwa bei inayokubaliwa sasa, iuzwe kule Chicago. Bei ikishuka zaidi, iuzwe zaidi. Ukiwa na mpango huo peke yako ni busara tupu. Sasa wote walikuwa na busara ileile, na kila mmoja kwenye hesabu zake aliandika kwamba mnunuzi atakuwepo. Mnunuzi ndiye ambaye hakuwepo. Hong Kong walifunga soko lao wiki nzima kwa woga.

Mwaka huo mimi nilikuwa karani wa ghala hapahapa. Miaka minne nyuma, 1983, walanguzi walikuwa wanasakwa nchi nzima, mtu mwenye katoni ya sabuni uvunguni halali usingizi. Ilipofika 1987 Mzee Ruksa keshafungua milango, mitumba ipo, nikanunua jinzi yangu ya kwanza maishani. Sasa kwenye hiyo tamthilia dili kubwa la Mo linazunguka kampuni ya jinzi ya akina Georgina. Nilicheka peke yangu. Wao wanatoana roho kwa ajili ya kampuni, mimi nashona goti lililochanika.

MamaDagaa_Kibirizi

Mzee umenifumbua macho, na kidonda umekitonesha.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, samaki wazaliane. Nikasema hapahapa! Nikakopa kikoba, nikakusanya magunia kumi na moja. Hesabu yangu: nakaa nayo kimya, wiki ya mwisho ya Julai bei ikiwa kileleni, namwaga. Sikumwambia mtu. Mwenzangu wa kikoba aliniuliza, nikamwapia sina hata kisado.

Siku yenyewe nakodi guta alfajiri, nafika sokoni Mwanga, nakuta foleni ya maguta. Na mbele yangu nani? Huyohuyo wa kikoba, naye alikuwa ameniapia hana. Tuliangaliana kama wezi waliokutana dirishani. Wanunuzi wakaitazama ile foleni, wakakunja mikono, wakaenda kunywa chai. Chai! Jua limepanda ndipo wanarudi, wanataja bei ambayo ukiisikia unatamani kumwagia mtu maji. Yule wa kwanza alipokubali, basi, wote tukaanza kugombania kukubali.

Magunia manne niliyatoa kwa hasara, saba nikarudi nayo. Na dagaa si dhahabu, wakikaa sana wanageuka rangi, wanawasha koo.

Kumbe mimi na kompyuta za Chicago tumesoma shule moja.

Mpinzani_Stesheni

Napinga kidogo. Kwenu kulikuwa na tarehe: ziwa linafunguliwa Agosti, dagaa wapya wanaingia, bei lazima ishuke. Jumatatu ile ya 1987 hapakuwa na kitu cha namna hiyo. Riba zilikuwa zinapanda, nakisi ya biashara ya Marekani ilikuwa kubwa, sawa, lakini hayo hayakuanza asubuhi ile. Viwanda vilikuwa palepale. Ndiyo maana Marekani haikuingia kwenye mdororo, na 1989 Dow ilikuwa imerudi ilikotoka. Dagaa wako hawakurudi.

Na kuhusu tamthilia: sizoni tatu, 2019 hadi 2021. Ya kwanza inatosha, baada ya hapo wanapayuka tu.

MamaDagaa_Kibirizi

Hawakurudi kweli, waliishia kwa mwenye kuku. Hapo umenipiga.

Lakini hiyo tarehe tuliijua wote tangu Mei. Mbona hakuna aliyeuza Juni, bei ikiwa nzuri tayari? Kila mmoja alijiona ndiye atakayetoka wiki moja kabla ya wenzake. Nikimwona Mo anavyojiamini, kichwa juu, koti la bei mbaya, najiona mimi juu ya lile guta na kanga yangu mpya.

Haya, mwezi umeanza kuchelewa kutoka, keshokutwa mitumbwi inashuka na sina muda tena wa sebuleni. Nimebakiza vipindi vinne. Nyuki, najua unamjua aliyedondoka kutoka ghorofani. Nyamaza hivyohivyo.