"ZIMENI HAKO KAVIDEO, NYAMA INAPOA!" Nani alimpa maiki yule mtu?

Wakuu, nimetoka ukumbini sasa hivi. Nipo ndani ya gari, koti sijavua, naandika mikono inatetemeka. Mlioko Maryland, Virginia na DC mnamjua ninayemsema, sina haja ya kumtaja. Yule yule. Wa miwani ya jua usiku. Ambaye hakuna harusi, msiba wala sherehe ya Uhuru anayokosa meza ya mbele.

Leo ilikuwa jioni ya kuchangisha fedha za tamasha letu la filamu za watu weusi. Tamasha la wanajumuiya, halina mfadhili wa maana, ukumbi na projekta vinakodiwa kwa hela za kuungaunga. Kina mama wamepika tangu alfajiri. Mgeni rasmi, ndiye huyo huyo, kaalikwa saa kumi na mbili, kafika karibu saa tatu, manukato yake yametangulia nusu saa. Sawa, tumezoea. Kapewa nafasi ya kusalimia tu, akahutubia mpaka watoto waliokuja wamebebwa mgongoni wakaanza kutembea. Sawa, tukavumilia.

Ndipo ikawekwa filamu. Moja tu, ya dakika 9, ya binti wa hapa hapa kwetu, mwanafunzi, kaipiga kwa kamera ya kuazima. Bibi anamsuka mjukuu wake sebuleni huku akimsimulia kwa nini aliacha kuimba. Ukumbi kimya. Hata wale wa meza ya nyuma wasiojua kunyamaza, kimya. Bibi kafika pale anapovuta pumzi aimbe tena, mdomo umeshafunguka, na huyu mtu anainuka, anachukua maiki: "Zimeni hako kavideo, nyama inapoa!"

NYAMA INAPOA.

Taa zikawashwa. Bibi akaganda kwenye skrini mdomo wazi. Na binti mwenye filamu yake kasimama pembeni ya projekta, rimoti mkononi, anatazama watu wazima wakigombea sahani.

Jamani, jioni yenyewe ni ya filamu! Ni sawa na kumkatiza msomaji wa maulidi kwa sababu pilau limeiva.

Na hizi filamu anadhani zilitoka wapi? Oscar Micheaux, mtengeneza filamu mweusi wa zamani wa Marekani, aliwafuata wakulima mmoja mmoja akawauzia hisa ndipo akapata fedha za filamu yake The Homesteader, 1919. Charles Burnett alipiga filamu yake Killer of Sheep siku za mapumziko ya wiki, bajeti haikufika dola 10,000, halafu ikakwama kwa sababu ya haki za nyimbo zilizomo, hadi 2007 ndipo ikaingia rasmi kwenye majumba ya sinema. Haile Gerima si wa mbali, ni wa hapa hapa Washington, amefundisha Chuo Kikuu cha Howard miaka mingi. Filamu yake Sankofa ya 1993 ilipokosa msambazaji, alikodi kumbi mwenyewe na watu weusi wakapanga foleni. Kazi zote hizo zimesimama kwa mifuko ya watu wa kawaida, kwa jioni kama hii ya leo. Na sisi tumeizima ya kwetu kwa ajili ya mbuzi!

Kisha akatoa hundi ya boksi yenye ukubwa wa mlango, dola 5,000, akapigwa picha mbele ya skrini ile ile, kichwa chake kimemziba bibi. Kapigwa picha nyingi kuliko bwana harusi. Filamu haikurudishwa. Zilibaki dakika mbili. Dakika mbili! Nyama gani hiyo inayopoa kwa dakika mbili, ilikuwa ya barafu?

Mwenye namba yake amfikishie. "Zimeni hako kavideo." Kwa binti wa watu, mbele ya ukumbi mzima. Yeye nani?

Kisu cha Mfupa: Nilikuwepo. Ambacho hujakisema mkuu, nyama ile kaipika mama yake huyo binti. Alikuwa anachungulia mlango wa jikoni aone kazi ya mwanawe. Aliposikia maneno yale akarudi ndani, hakutoka tena.

Mleta uzi: Hilo sikulijua. Sasa leo silali kabisa.

Mzee wa Kanda: Povu lote hili kwa dakika mbili? Sema ukweli, ulifika mezani ukakuta mchuzi mtupu.

Mleta uzi: Sikula. Sahani nimeiacha kama ilivyo. Usinichanganye na watu wa tumbo.

Mzee wa Kanda: Hukula, ndiyo maana una hasira. Hahahaa.

Dada wa Laurel: Hiyo hundi ya boksi ni ile ile ya mwaka jana, imefutwa tarehe kwa kalamu. Mweka hazina yumo humu, aje aseme kama iliingia hata senti.

Mtunza Daftari: Mimi napita tu wakuu.

Mkenya Halisi: Nyinyi mmezimiwa na mtu mmoja mwenye njaa. Sisi Rafiki ya Wanuri Kahiu ilitufikisha tamasha la filamu la Cannes kule Ufaransa 2018, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kule, na nyumbani ikapigwa marufuku nchi nzima. Korti ikaifungulia siku saba Septemba, watu wakajaa kumbi, halafu marufuku ikarudi. Na wewe unalilia dakika mbili!

Mleta uzi: Hasira ni ile ile, usinipunguzie yangu.

Babu Msasani: Vijana, sinema mmeijulia wapi? Dar tulikuwa na Drive-In tangu miaka ya 1960, familia nzima ndani ya gari, watoto juu ya boneti. Leo pale ni ubalozi wa Marekani. Hakuna aliyeandika uzi.

Kinyozi Mkimya: Babu pumzika. Wenye kulia ni sisi tuliobaki huku Bongo. Nina kadi nne za michango ya harusi mezani. Single laki, double laki na nusu. Wa mikopo ya kausha damu wana adabu kuliko kamati.

Bint Mwera: Na wamekuunganisha kundi la WhatsApp bila kukuuliza. Ukitoka, mwenyekiti anakupigia simu usiku.

Mzee wa Kanda: Vikao vyenyewe wanakaa baa. Hela inaishia kwenye supu na bia kabla bibi harusi hajashona gauni.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. Binti kanitumia ujumbe sasa hivi, anauliza kama ajitoe kwenye tamasha. Naombeni tumwandikie maneno hapa nimpelekee.

Bint Mwera: Mwambie asithubutu kujitoa. Kinyozi, hizo double unalipa na nani? Si ulisema huna mke?

Kinyozi Mkimya: Ndiyo nauliza. Nikilipa single wananiweka nyuma kabisa, sikio kwenye spika.

Dada wa Laurel: Lipa single, fika mapema.

Kinyozi Mkimya: Harusi ya Jumamosi iliyopita nilifika mapema. Chakula kiliishia meza ya kumi.

Kisu cha Mfupa: Meza ya kumi? Kwetu kiliishia kwa kamati.