Nilizuia sindano ya magnesiamu saa 6 usiku, asubuhi nikaambiwa nimezembea

Nesi wa Usiku:

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu poleni na kazi. Mimi ni muuguzi, mwaka wa pili kazini, wodi ya wazazi katika kituo cha afya. Jambo hili ni la wiki iliyopita na bado linaninyima usingizi.

Mama wa miaka 22, mimba ya kwanza, aliletwa kutoka zahanati akiwa na presha 170/110, kichwa kinamgonga, protini ya alama tatu (+++) kwenye mkojo. Alianzishiwa magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, saa 10 jioni: gramu 4 za mshipa, gramu 10 za makalio. Saa 1 usiku akajifungua mtoto wa kike, salama. Nilipopokea zamu saa 2 nilimpima, yuko vizuri, nikampa gramu 5. Inayofuata ilikuwa saa 6.

Saa 6 nikafika kitandani, dawa nimeshaivuta kwenye bomba. Nikamsalimia. Akajibu taratibu, ulimi mzito kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Nikairudisha sindano kwenye trei. Nikahesabu pumzi dakika nzima: 14. Nikarudia: 14. Nikagonga goti la kulia, kimya. La kushoto lilicheza kidogo, hata sikujua kama ni goti au ni mkono wangu. Mfuko wa mkojo: mililita 70 tangu saa 2. Nilivyofundishwa, kabla ya kila dozi pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti liruke likigongwa, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, yaani 120 kwa saa nne.

Sikumpa. Nilimpigia daktari wa zamu, akapokea mara ya tatu. Nikaanza kumweleza, akasema, "Mpe. Akipata degedege utajibu wewe." Nikamwambia kwa heshima kwamba kwa hali ile siwezi, namwomba aje amwone. Akakata simu. Nikakaa na yule mama, nampima kila nusu saa. Saa 8 pumzi zilifika 17, goti likaruka, mkojo ukaongezeka. Daktari alikuja saa 9 kasoro robo, akamkagua, akaniruhusu kumpa, nikampa.

Asubuhi wakati wa kukabidhiana zamu, muuguzi kiongozi akainua chati mbele ya wanafunzi: kisanduku cha saa 6 kitupu. "Hapa dawa imeachwa. Huu ni uzembe." Nilikuwa nimeandika maelezo mafupi kwenye kurasa za uuguzi, lakini hakuna aliyefunua huko. Nilikosea? Ningefanya nini tofauti?

Mkunga Mstaafu:

Marahaba mwanangu. Nimekaa leba miaka 31, kwa hiyo nakujibu bila kuzunguka: kumzuilia hukukosea. Magnesiamu hutoka mwilini kupitia figo. Mkojo ukipungua, dawa inabaki ndani na kila sindano inajazia juu ya ile ya nyuma. Goti hutangulia kupotea, pumzi hufuata. Ungempa gramu 5 nyingine za makalio saa ile, usingeweza kuzitoa tena.

Lakini nina maswali mawili. Ulikagua mpira wa mkojo kama haujakunjika chini ya paja? Nimeona figo zikisingiziwa kumbe mama ameulalia mpira. Na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuipoza magnesiamu ikizidi mwilini, ilikuwa wapi? Sikuulizi kama kituo kinayo. Nakuuliza kwa hatua: kutoka kitandani hadi ilipo ni hatua ngapi?

Kuhusu kisanduku, hapo muuguzi kiongozi ana hoja, ingawa mbele ya wanafunzi hapakuwa mahali pake. Kisanduku kitupu hakisemi "nilipima nikazuia". Kinasema "nilisahau". Andika humohumo: imezuiwa, pumzi 14, goti halijibu, mkojo 70, daktari kaarifiwa saa fulani, kasema hivi. Na usirudi sasa kukijaza kile cha zamani. Andika maelezo ya nyongeza kwa tarehe na saa ya leo, utie sahihi.

Daktari wa Wilaya:

Naomba nieleze hofu ya mwenzangu bila kumtetea. Utafiti wa Magpie wa mwaka 2002, wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha dawa hii inapunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Ndiyo maana daktari akisikia "sijampa" anashtuka, hasikilizi kinachofuata. Wewe anza na tarakimu: "Daktari, pumzi 14, goti la kulia halijibu, mkojo 70 kwa saa nne. Nahofia magnesiamu imezidi. Nimezuia dozi, naomba uje." Sekunde kumi tu, na ni vigumu kujibu "mpe" baada ya hapo.

Ila "utajibu wewe" si maagizo ya matibabu. Samahani kwa niaba yetu.

Sista Pwani:

Pole dadangu. Mimi niko Kilifi. Kwetu mama akianza magnesiamu tu, kalsiamu glukoneti gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, inabandikwa kwa plasta kwenye stendi ya dripu pamoja na bomba lake, na mfuko wa kupulizia pumzi unawekwa hapo mezani. Ikihitajika inapigwa kwa mshipa polepole. Haiondoki hapo mpaka saa 24 za dawa ziishe.

Nesi wa Usiku:

Asanteni sana, nimesoma nikalia kidogo.

Mama, mpira niliukagua. Kweli alikuwa ameulalia, nikaunyoosha, zikashuka kama mililita kumi, na zimo kwenye hizo 70. Lakini swali la kalsiamu limenikata maini. Ilikuwa kwenye kabati la dawa, kabati limefungwa, na funguo aliondoka nazo mtu wa famasi saa 12 jioni. Nimelijua hilo jana nilipokwenda kuulizia. Usiku ule nilikaa saa mbili kando ya yule mama nikiamini dawa ipo.

Leo nimeandika nyongeza yangu kwenye faili, kisha nikaenda kwa muuguzi kiongozi nikamwonyesha namba zote, nikamweleza na habari ya funguo. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akainuka, tukaenda wote famasi, tukarudi na vichupa viwili. Viko kwenye trei ya magnesiamu sasa, na bomba lake.

Mama yule aliruhusiwa siku ya nne, na vidonge vya presha, mtoto ananyonya vizuri.