Makaburi ya kale yanazolewa kwa kijiko, na ofisi inatujibu kuwa "hayamo kwenye orodha"

Assalamu alaykum wanajukwaa. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Katika shehia yetu, kaskazini ya Pemba, kuna mahame ya mji wa kale, na ndani ya mahame hayo mna makaburi ya watu wa mwanzo waliouweka mji huo. Sasa kijiko, yaani mtambo wa kuchimbia, kimeingia kwa upande wa baharini, kimekata njia ya gari, na kimezoa mawe ya makaburi pamoja na udongo wake, vyote vikapelekwa kuwa kifusi katika kiwanja kinachojengwa ufukweni. Wazee waliokwenda kuhoji walijibiwa kuwa kiwanja kimepimwa, kina hati, na kwamba kwenye ramani hapaonekani kaburi lolote.

Hapaonekani kwa sababu aliyepima hakuingia kichakani wala hakumuuliza mtu. Wenyeji wote wanapajua. Baada ya Mapinduzi ya 1964, watu walipogaiwa eka tatu tatu, waliopata eka zinazopakana na mahame waliuacha msitu ule kama ulivyo. Mikarafuu na mihogo inaishia ukingoni, na hakuna aliyethubutu kutia jembe ndani. Hawakuwa na bango wala uzio. Walikuwa na adabu tu, na adabu hiyo imelinda makaburi yale muda wote huu, hadi ilipokuja karatasi yenye muhuri.

Kwa ambaye hajafika, naomba aelewe ni kitu gani kinachovunjwa. Ni makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, yale yanayotolewa baharini na kuchongwa yangali mabichi na laini, kwa kuwa yakishakauka huwa magumu, kisha yakapigwa lipu ya chokaa. Moja lilikuwa na nguzo, na kwenye nguzo hiyo mlikuwa na mashimo ya mviringo yaliyokuwa yametiwa mabakuli ya kigeni kuwa pambo. Mabakuli yalikwisha kubanduliwa na wezi zamani, lakini ukisogea karibu ulikuwa ukiona pete ya chokaa iliyoyashika, na juu ya pete hiyo alama za vidole vya fundi aliyekuwa akiishindilia. Hayo ndiyo wanayoyaita kifusi.

Tulipopeleka malalamiko kwenye ofisi inayohusika, jibu lilikuwa kwamba makaburi hayana maandishi, hayajulikani ni ya nani, na eneo halimo kwenye orodha ya maeneo yaliyotangazwa. Jibu hili halikubaliki hata kidogo. Mtambwe Mkuu, hapa hapa Pemba, nayo ilikuwa mahame mbele ya macho ya wapita njia, mpaka mwaka 1984 zilipofukuliwa pale sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za fedha na zenye majina ya watawala wa huku huku kwetu, na leo hakuna anayeandika historia ya pwani hii bila kuitaja. Kijiko kingelipita pale mwaka mmoja kabla, nani angelijua kilichopotea? Orodha hutungwa na watu; eneo huingia baada ya mtu kutumwa kwenda kulitazama, na sisi tunachoomba ni huyo mtu atumwe.

Kisiwani Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe, wamelala mabaharia wa Kiingereza wa meli ya Pegasus, iliyopigwa na meli ya Kijerumani Königsberg tarehe 20 Septemba 1914, na wageni huchukuliwa kwa mashua kwenda kuyazuru makaburi yao. Siwaonei kijicho maiti wale, na ni vyema wakaheshimiwa. Ninachouliza ni kwa nini mababu zetu, waliotangulia kwa karne nyingi, wahesabiwe kuwa si watu kwa sababu tu majina yao yamefutika.

Wapo pia wenzetu wanaosema makaburi yaondoke kwa sababu watu hupeleka ubani na vitambaa. Kukataza ubani ni jambo moja, na mwenye elimu akataze. Kulifukua kaburi la Muislamu kwa chuma ni jambo jengine kabisa.

Ardhi ya Zanzibar, kwa sheria ya mwaka 1992, ni mali ya umma iliyo chini ya Rais, na mtu hupewa haki ya kuitumia tu. Kwa hiyo anayetoa kiwanja na anayetakiwa kulinda mambo ya kale ni Serikali ile ile, na hatuwezi kukubali ofisi mbili zijifanye hazijuani huku mawe yakipakiwa garini.

Kijiko kisimame mara moja. Mipaka ya makaburi ipimwe upya, wataalamu wa mambo ya kale wakiwa pamoja na wazee wa shehia, na hati irekebishwe kufuatana na mipaka hiyo. Mawe yaliyochukuliwa bado yamo kwenye rundo na hayajamwagiwa zege; yarudishwe kabla hayajazikwa. Aliyetia saini kuwa eneo ni tupu aje awaeleze wananchi alisimama wapi alipolitazama.

Na mwenye picha za zamani za makaburi haya, hasa ya ile nguzo, tafadhali aziweke hapa leo, kwa sababu tumeshaanza kuambiwa kwamba nguzo hiyo haikuwahi kuwepo.