Ngoma yetu imelala, tuifufueje isemee mabinti bila kugeuka tangazo?

Ngosha wa Kwimba: Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu cha bugobogobo, ile ngoma yetu Wasukuma ya kulimia, kimebaki cha wazee, vijana wote wako kwenye bodaboda. Tunataka kukiamsha baada ya mavuno, tuongelee mabinti wanaoachishwa shule kwa tamaa ya ng'ombe wa mahari. Mwaka jana shirika moja lilituletea igizo limeshaandikwa, Kiswahili cha redioni, baba mkorofi huku, afisa mwema kule. Watu wakapiga makofi, wakagawiwa fulana, wakaondoka. Hakuna aliyefungua mdomo. Tulikosea wapi? Naomba kuwasilisha.

Mama Kabula: Pole mwanangu. Baba mkorofi wa kwenye igizo hakuna anayejiona ndiye, kila mwanaume pale alikuwa anamwangalia jirani yake. Mpeni ningi wenu, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, kisa, maneno atafute mwenyewe kwa Kisukuma chake. Anajua lipi linasemwa wazi na lipi linapitishwa kwa mafumbo.

Jukwaa la Zamani: Mbona hukohuko kwenu lilishafanyika! Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama, walifanya kazi Malya, hapo Kwimba. Hawakufika na igizo mkononi. Walikaa na wanakijiji, likaibuka suala la mimba za mabinti, ngoma na maigizo vikatengenezwa palepale, kisha watu wakajadili. Hiyo ya kujadili ndiyo mliyoiruka nyie. Watu wakishaelekea kilabuni, umewakosa.

Mgalu Halisi: Mmewasahau Bagika na Bagalu, zile pande mbili za wachezaji wanaoshindana? Ngoma ya Kisukuma ni mashindano bwana. Pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, mshindi ni aliyevuta watu wengi. Alikeni wapinzani muone kama vijana hawatarudi mbio. Nani akubali uwanja wake ubaki mtupu?

Mama Kabula: Mgalu, hapo sikubaliani nawe. Upande mmoja ukitoa chatu wa kuchezea uwanjani, nani atasikiliza habari za mahari? Mashindano yawarudishe vijana, sawa. Wimbo wenyewe usubiri msimu wa kulima, upigwe shambani. Bugobogobo si ngoma ya jembe? Watu wakipumzika chini ya mti, mazungumzo yanakuja yenyewe.

Ngosha wa Kwimba: Asante mama. Kuna tatizo sasa. Ningi wetu mwenyewe alimwoza binti yake akiwa darasa la saba. Nimpe kisa hichohicho?

Mama Kabula: Huyohuyo. Ila mfuate kwake jioni, mkae wawili, asije akalisikia kwa mara ya kwanza kwenye mazoezi. Akikataa kulitunga, mwombe akufundishe sauti ya kuuanza wimbo, mengine watunge mabinti.

Mgalu Halisi: Na kibali cha mtendaji ombeni mapema, msije mkazimiwa ngoma saa kumi.