Mzee apandishwe na kushushwa vipi kwenye Kosta bila kuumizwa wala kudhalilishwa?

Konda_RangiTatu

Wakubwa shikamooni, wengine habari za mihangaiko.

Nipo mlangoni, Kosta ya Mbagala–Kariakoo. Abiria wazee ni wengi, hasa asubuhi wanapokwenda kliniki. Siombi mawaidha ya heshima kwa wazee, hayo tumelelewa nayo. Naomba ufundi. Mkono niuweke wapi anapopanda? Akae siti ipi? Nimwinueje kijana aliyekaa bila kuanzisha ugomvi? Na suka (dereva) akinikimbiza kwa sababu ya hesabu ya tajiri, yaani hela ya kumpelekea mwenye gari, ni kitu gani kisirukwe hata tukiwa na haraka kiasi gani?

Fizio_Temeke

Mkuu, kosa kubwa la mlangoni ni kumdaka mzee kifundo cha mkono au kwapani na kumvuta juu. Ukimvuta, kifua kinatangulia na miguu inabaki chini, kwa hiyo wewe ndiye unayemwangusha. Kwa aliyepata kiharusi ni hatari zaidi, maana bega la upande uliolegea linaweza kuteguka kwa mvuto mdogo tu.

Usimshike, mpe mkono wako aushike yeye. Kunja kiwiko, kaza mkono mbele ya tumbo lako, awe nao kama bomba la pili. Mkono wake mwingine ushike bomba la mlangoni. Akipanda, wewe uwe nyuma yake chini, kiganja karibu na kiuno bila kumsukuma. Akishuka, tangulia wewe, usimame ardhini mbele yake kidogo kwa pembeni. Kila mara msaidizi anakaa upande wa chini, kwa sababu huko ndiko mtu anakoangukia.

Miguu nayo ina utaratibu wake: mguu mzima hupanda kwanza, mguu mbovu hushuka kwanza. Wengi hawajui, kwa hiyo mwambie taratibu, "Mzee, tanguliza mguu wenye nguvu." Mkongojo hushikwa mkono wa upande mzima. Sasa mkono huohuo ndio unaohitajika kwenye bomba, kwa hiyo mwombe akupe mkongojo na umrudishie palepale akishakaa. Usiutupe chini ya siti za nyuma.

Suka_Mstaafu

Umeuliza kisichorukwa. Gari lisiondoke kabla mzee hajakaa. Kukaa maana yake makalio yamefika kwenye siti na mgongo umeegemea, si kwamba ameshapita mlango.

Mtu wa miaka ishirini gari likiruka anapiga hatua moja ya haraka na kujirekebisha. Mzee hatua hiyo inachelewa, na akianguka kwenye sakafu ya bati yenye kona za siti, nyonga ndiyo inayovunjika. Kuvunjika nyonga uzeeni si jambo la kufunga bendeji na kurudi nyumbani.

Kwa hiyo mkubaliane alama. Makonda wengi wanagonga bodi kwa mazoea, abiria wa mwisho akikanyaga ngazi tu, pa! Weka mgongo wa mzee kwenye siti kwanza, ndipo ugonge. Na suka aachie klachi polepole. Haya yote yanakula nusu dakika hivi, na foleni ya Kilwa Road itawapotezea zaidi ya hiyo mkiwa mmesimama bure. Hesabu ya tajiri haipotelei kwa mzee.

kiti_cha_dirishani

Tatizo kubwa naona liko kwenye kushuka. Konda anapiga kelele "wa Mtoni wasogee mlangoni!" gari bado liko mwendo. Mzee ananyanyuka, anashika siti moja baada ya nyingine, breki inakanyagwa.

Fizio_Temeke

@kiti_cha_dirishani sahihi kabisa, na kuna sababu ya kimwili. Mtu akiwa amekaa muda mrefu akanyanyuka ghafla, damu inashuka miguuni na presha inaporomoka. Kwa mzee mwili unachelewa kurekebisha, na anayemeza dawa za presha anachelewa zaidi. Matokeo ni kizunguzungu katika sekunde chache za kwanza, tena akiwa kwenye korido ya gari linalotikisika.

Mwambie akipanda tu: "Mama, ukifika usinyanyuke, kaa mpaka gari lisimame, mimi nitakuja." Uliza anashuka wapi na ukumbuke. Gari likisimama, anyanyuke, ashike siti ya mbele yake, avute pumzi mbili tatu, ndipo atembee.

Konda_RangiTatu

Hapo nimeelewa. Siti je? Wengi tunawapeleka mbele kwa dereva kama heshima.

Suka_Mstaafu

Heshima hiyo inategemea gari. Kwenye Haisi siti za mbele ziko juu ya tairi. Mwenye magoti mabovu anapanda kama anapanda kitanda cha juu, na kushuka ni kuruka. Mweke siti ya kwanza baada ya mlango wa pembeni, na akiingia weka kiganja chako kwenye ukingo wa juu wa mlango, kichwa kikigonga kigonge mkono wako.

Kwenye Kosta, mpe safu za karibu na mlango, siti isiyokunjwa. Siti ya kukunja ya katikati haimfai: haina pa kuegemea vizuri na kila anayeshuka anamnyanyua. Siti ndefu ya nyuma kabisa ni mbaya zaidi. Iko nyuma ya ekseli, na kwenye tuta inarusha watu juu. Mifupa ikishakuwa myepesi, kurushwa na kutua kunaweza kuvunja pingili ya uti wa mgongo hata kama hajaanguka popote.

binti_wa_Tandika

Kuhusu kumwinua kijana: usitangaze kwa gari zima "jamani mpisheni mzee!" Kila mtu atasubiri mwingine, na mzee anabaki amesimama akionekana mzigo. Chagua mtu mmoja, mguse bega, sema kwa sauti ya chini: "Braza, naomba siti hiyo ya mzee, nitakupa inayofuata ikipatikana." Halafu timiza. Usimchague kwa umri tu, maana mjamzito wa miezi mitatu, au mwenye sikoseli, kwa macho anaonekana mzima. Akisema hawezi, usimhoji, nenda kwa wa pili.

Na nyie vijana mnaopisha wenyewe: msinyanyuke nusu mkiuliza "utakaa, bibi?" Atajibu "kaa tu mwanangu," kwa sababu ndivyo adabu yake inavyomtuma. Nyanyuka kabisa, sogea, acha mkono kwenye egemeo la siti mpaka afike, la sivyo jamaa wa nyuma anaikalia. Ndipo useme "Shikamoo, siti yako hiyo."

Bi_wa_Mkunazini

Mmesahau kuomba ruhusa. Kwa watu wa pwani, mwanamke mtu mzima kushikwa kiuno na kijana asiyemjua, mbele za watu, ni fedheha hata kama nia njema. Uliza: "Nikushike mkono, mama, au utashika bega langu?" Bega linakubalika zaidi kuliko mkono. Akikataa, usibishane. Simama karibu, mikono tayari, mwache apande kwa mwendo wake.

Na gari zetu za mbao huku Unguja ni mtihani mwingine, maana unaingilia nyuma umeinama. Mzee akalishwe mwisho wa benchi karibu na mlango, asipitishwe ndani katikati ya magoti ya watu.

Makanga_Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu Katiba ya 2010, ibara ya 57, inasema wazee waishi kwa heshima na utu, lakini kwenye matatu utu huo unaanza na dereva kuegesha vizuri. Matatu ikisimama mbali na ukingo wa barabara, mzee anakanyaga shimo kwanza ndipo apande ngazi. Ngazi ya nyumba ni kama sentimita 15 hadi 18. Ile ya kwanza ya gari kutoka ardhini ni karibu mara mbili yake. Egesha tairi karibu kabisa na ukingo, ngazi inapungua bila gharama.

Kingine rahisi: paka mstari wa rangi ya njano, sentimita tano hivi, kwenye ukingo wa kila ngazi. Mwenye mtoto wa jicho haoni ngazi nyeusi juu ya sakafu nyeusi, hasa anapotoka juani kuingia ndani.

Stuli ya plastiki msiweke. Inapinduka.

Konda_RangiTatu

Rangi nitanunua wiki hii. Swali la mwisho: asiyesikia vizuri. Nikipaza sauti abiria wanadhani namgombeza.

Fizio_Temeke

Kupaza hakusaidii sana. Uzeeni sauti nyembamba ndizo zinazopotea kwanza, na ukipiga kelele sauti yako inazidi kuwa nyembamba. Simama mbele yake auone mdomo, shusha sauti iwe nzito, sema maneno machache: "Mama. Unashuka wapi?" Subiri. Asipopata, badilisha maneno, usirudie yaleyale. Na usimuulize mjukuu aliyeongozana naye "huyu anashuka wapi?" kama vile mwenyewe hayupo.

binti_wa_Tandika

Niongeze la nauli. Usimdai mlangoni wala akiwa ameshika bomba, maana itabidi aachie mkono atafute hela, na kwa akina bibi mara nyingi imefungwa kwenye pindo la khanga, fundo lake si la kufungua kwa mkono mmoja. Dai akishakaa. Chenji mhesabie kiganjani kwa sauti, noti moja moja. Kikapu chake usikipeleke nyuma ya gari, kiweke miguuni pake anapokiona, na samaki wakivuja mtandikie gazeti.