Koki nyeusi, za dhahabu au kroomu ya kawaida? Nishaurini kabla sijaenda Kariakoo

Bwana Tofali: Wakuu, nyumba imefika umaliziaji, fundi vigae anatoka wiki hii. Mama watoto anataka koki nyeusi kila mahali. Mimi naona kroomu haijawahi kumkosea mtu. Dukani nako wananivuta kwenye za dhahabu. Nichukue zipi?

Mzee wa Lipu: Hatupigi ramli hapa mkuu. Uko wapi? Maji ya DAWASA au kisima? Tenki liko juu kiasi gani?

Bwana Tofali: Kigamboni, kisima. Yana chumvi kidogo tu. Ya chai tunanunua.

Mama Pacha: "Kidogo tu" na ya chai mnanunua! Mimi 2021 nilibeba seti nzima ya dhahabu, muuzaji akaapa ni brasi tupu. Mwezi wa nne madoa meupe yakaota shingoni mwa koki kama chokaa. Dada wa kazi, kwa nia njema kabisa, akayasugua kwa dawa ya choo. Dhahabu yote ikaondoka, chini kijivu kama sufuria la shule. Haijaisha. Jumamosi moja, wageni wamejaa sebuleni, mkono wa koki ukanibakia kiganjani, maji yanaruka hadi dari. Chini ya sinki fundi hakuweka koki ya kufungia! Ikabidi kijana apande mnara akafunge tenki. Kumbe ndani ni zinki. Kwenda dukani: "Mama, kikishafungwa hakirudi."

Koplo: Nenda na sumaku. Ikinasa, kimbia.

Fundi Spana: Sumaku itamponza. Haishiki brasi, na zinki pia haishiki. Ipime mkononi, brasi ni nzito, kisha chungulia uzi wa kufungia ambako rangi haijafika: njano ni brasi, kijivu mrudishie. Rangi ya juu ni nguo tu. Kwa maji ya kwenu chukua kroomu, unaifuta kila jioni basi. Nyeusi kila tone likikauka linaacha alama.

Mama Pacha: Ya wifi yangu Arusha ni nyeusi, mwaka wa tatu, safi.

Fundi Spana: Arusha shida ni floraidi, huko yanaharibika meno, siyo koki.

Koplo: Stenlesi je?

Fundi Spana: Namba 304 chumvi inaidonoa vitundu. 316 ndiyo ya pwani, ila jiandae kwa bei.

Mzee wa Lipu: Mnabishana rangi, swali la tenki hajajibu. Kila mita 10 za kimo cha tenki ndiyo presha ya ba 1. Akifunga bomba la mvua kwenye mnara mfupi ataoga matone.

Bwana Tofali: Mnara ni mita 4, na bomba la mvua mama watoto ameshalipia.

Mzee wa Lipu: Pampu basi.

Fundi Spana: Pampu na LUKU yake.

Koplo: Tofali, hicho kisima mmechimba mita ngapi? Nina kiwanja Kibada.