Mafundi wa Tabora mnaua gia boksi za Crown halafu mnatuambia gari ni bovu

Wakuu, salamu tutasalimiana siku nyingine. Leo nimejaa.

Kila wiki humu lazima uanzishwe uzi wa "nina hela kidogo, nichukue Crown, Mark X au Benzi?" Na majibu ni yaleyale: chukua Crown mkuu, haifi hiyo. Sawa, sibishi. Ila mnaojibu mko Sinza na Mwenge, ambako ukikosana na fundi mmoja unavuka barabara unamkuta mwingine. Ukiwa Tabora, swali la kwanza siyo ununue gari gani. Swali la kwanza ni nani ataishika hiyo gari siku ikitaka kushikwa.

Yangu ni Toyota Crown ya 2009, namba ya modeli GRS200, injini 4GR, cc 2,499. Sikuiokota. Karatasi ya ukaguzi ya mnada wa Japani niliisoma kabla ya kutuma hela: daraja 4, ndani B, hakuna ile R ya gari lililogongwa likanyooshwa. Kodi nililipa yote: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa 10 kwa sababu injini imevuka cc 2,000, asilimia 30 nyingine kwa sababu ina zaidi ya miaka kumi, halafu VAT 18 inakaa juu ya mlima wote huo. Imekwenda Dar kupitia Itigi na Manyoni, imekwenda Mwanza kupitia Nzega, haijawahi kunilaza njiani. Gia zilikuwa zinaingia hata abiria hajui.

Nikaamua nibadilishe oili ya gia boksi, kwa sababu kilomita zilishasogea na jua letu la Oktoba mnalijua. Gia boksi hii ya gia sita inatumia oili inayoitwa WS. Nikaagiza makopo Dar, yakaja na basi, nikayapeleka mwenyewe gereji moja hapa mjini, sitaitaja. Nikamweleza fundi taratibu, kijana, tumia hii, usichanganye na kitu. Akaniitikia vizuri kabisa, "hamna shida bosi." Nikaenda zangu msibani Sikonge.

Narudi jioni, gari iko juu. Upande mmoja jeki, upande wa pili matofali mawili, pua imetazama mbinguni. Fundi kafungua boneti anatafuta stiki ya kupimia oili ya gia boksi. Anapapasa nyuma ya injini na tochi ya simu mdomoni. Haipo! Hii gari haina stiki, haikuwahi kuwa nayo tangu itoke kiwandani. Akanigeukia akasema, "Bosi, walioiuza walichomoa stiki yako."

Nikamuuliza amemimina nini. Akanionyesha dumu la kijani lililokatwa shingo, ndani oili ya kupima ya kwenye pipa, ile inayotiwa kwenye Noah na Carina za zamani. Na makopo yangu ya WS? "Hayakutosha, bosi." Hayakutosha vipi wakati hata makopo matupu sikuyaona? Nilipombana akatoa neno ambalo limenifanya nifungue huu uzi: "Oili ni oili bosi, zote nyekundu."

Zote nyekundu! Hata togwa ya mtama ni nyekundu, tuitie basi.

Nisikilizeni ninyi wenye gereji, maana hili si jambo la siri. WS ni nyepesi kuliko Dexron, ile oili ya gia boksi za zamani. Kompyuta ya gia boksi imepangiwa wepesi huo, ndiyo inaamua klachi zibane kwa nguvu kiasi gani na kwa muda gani. Ukitia nzito, gia inachelewa, halafu inaingia kwa kishindo. Na kipimo chake hakitaki stiki. Gari inakaa usawa, injini inaunguruma, unasubiri oili ifike joto la karibu nyuzi 40, unafungua plagi ya chini ya kufurikia. Ikitiririka, acha ipungue mpaka ibaki kudondoka, funga. Isipotoka kitu, ongeza. Basi. Mashine ya kusoma joto mnayo, mmeitundika ukutani kama picha ya harusi, kazi yake ni kufuta taa ya injini mteja akija.

Kesho yake natia D, gari inanipiga teke. Ya pili kwenda ya tatu injini inapanda mlio kwanza, ndipo gia inakumbuka kuingia. Nairudisha gereji, naambiwa nini? "Hizi Crown ndiyo ugonjwa wake, gia boksi imekufa, kuna jamaa yangu Ilala anayo ya mtumba, milioni mbili na ushee inakufikia hapa." Yaani ameiua jana, leo ananiuzia jeneza.

Na haiishii kwenye gia boksi. Ngoja niseme na hili la "dawa ya kusafisha injekta", yaani vile vipulizi vya petroli, maana nimelivumilia sana. 4GR ya Crown na ya Mark X inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Petroli haipiti kwenye valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo hazioshwi, na masizi yanaganda pale mwaka hadi mwaka. Huo ni udhaifu wa kweli wa hizi injini, wenye Lexus IS250 wanaujua duniani kote. 3GR ya cc 3,000 nayo iko hivyohivyo. 2GR ya 3,500 ndiyo waliiwekea injekta za aina mbili, nyingine zinapuliza kabla ya valvu na kuziosha, ndiyo maana ina nafuu. Sasa wewe fundi unanishauri nimimine kichupa kwenye tangi! Petroli yenyewe haifiki palipo na uchafu, hicho kichupa kitafikaje? Kazi yenyewe ni kufungua manifoldi, lile bomba la kuingizia hewa, na kusafisha valvu kwa mkono. Kama huwezi, sema huwezi, nitakuheshimu.

Mji huu reli ilifika 1912. Wazee waliopita karakana za reli hapa walikuwa wanapima kwanza, wanafungua baadaye. Sijui huu ujuzi wa "tujaribu tuone" umetoka wapi.

Madalali nanyi nawaona. Mnanyanyua Mark X kwa spesa za mpira juu ya springi ili ipite mashimo ya Isevya, bushi zinakatika mapema, halafu mnaandika "haijafunguliwa popote". Haya.

Na wale wa "bora Mjerumani", taratibu. Benzi C-Class W204 yenye injini ya M271 ugonjwa wake wa cheni ya taimingi na meno ya kemshafti unajulikana, na BMW E90 yenye injini ya N46 inavujisha oili na kuchakaza sili za valvu. Ni gari nzuri, sikatai. Ila kama Crown, ambayo spea zake zimejaa Kariakoo, wanaiua hivi, hiyo ya Mjerumani mtaisukuma mpaka Kaliua.

NYONGEZA: Kuna mkuu hapo chini anasema niuze nichukue Premio. Kwa nini niuze? Gari haina kosa. Na wewe unayesema gia boksi hizi zimefungwa na oili yake ni ya maisha, maisha ya nani? Ya gari ya Japani kwenye lami na baridi, au ya gari inayokaa juani Tabora?

Ninachoomba kwenu: mwenye kumjua fundi Mwanza, Kahama au hata Dodoma ambaye amewahi kushusha sampu (bakuli la oili la chini) ya gia boksi ya GRS200, akabadilisha filta na kujaza WS kwa kipimo cha joto, anitupie PM. Nataka itolewe hii takataka yote na isafishwe kabla klachi hazijaungua. Sitaki kusikia habari za gia boksi ya mtumba.

Na wewe fundi, najua unasoma humu maana ndiko unakotafutia wateja. Makopo yangu ya WS nayataka. Na lile kava la plastiki la chini ya injini ulilosema "halina kazi", lirudishe na bolti zake zote.